Baba Yako wa Kijerumani

Zuhura mwanangu,

Ukiona mwandiko umepinda, ujue ninaandikia juu ya mkono wa kochi, hapa karakanani, mtaani Cibitoke, na kalamu ni ile ya kuwekea alama vitambaa. Wewe uko Kinanira kwa shangazi yako Mwamini, unaaga. Ndege ni kesho. Mlango nimeurudishia nusu ili wateja wadhani nimefunga.

Mambo ya sweta, pasipoti, karatasi za chuo na namna ya kubadilisha ndege sitayagusa. Shangazi yako ameyasema mpaka sauti imemkauka, na nikiongeza yangu utachanganyikiwa bure. Mimi nataka kujibu lile neno ulilonirushia leo mchana, wewe umeshika mlango na mimi nimeshika nyundo.

"Papa, we uko na wivu tu. Sema ukweli. Uko na wivu ya Prof."

Nami nikakujibu, "Basi yeye ndiye akusindikize ku aeroport. Mi siendi."

Hukulia. Ulivaa viatu ukaondoka. Kule kutolia kwako ndiko kunakonisumbua tangu hapo.

Basi nakujibu. Ndiyo, nina wivu. Nina wivu wa kweli, wa kunikosesha hamu ya chakula, wivu ambao nilidhani ni wa vijana na wake wenza. Ninamwonea wivu mzee wa watu ambaye hajanikosea lolote, mwenye mvi na miwani, ambaye hata chai yangu hajawahi kuinywa.

Aliingia nyumbani kwetu kidogo kidogo. Kwanza alikuwa jina tu kwenye simu yako, siku ile ulipopiga kelele jikoni kwamba professeur wa Ujerumani amejibu ujumbe wako. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, niliwaambia majirani kabla wewe hujamaliza kusoma. Kisha akawa sauti, mkiongea Kifaransa, chake kile cha kujikwaa. Kisha akawa mtu anayekaa nasi mezani. Nikisema wali umezidi maji, Prof anasema maji ndiyo yanayofanya kitu kiwe laini. Nikisema mgongo unauma, Prof anasema pale mfupa unapokutana na nyama pana mambo makubwa. Ilifika mahali nikimega ugali naogopa Prof atasema kitu.

Nakumbuka siku uliponieleza kazi yake. Ulikaa hapa hapa, juu ya lundo la sponji, ukaniambia kwamba madaktari huweka vitu mwilini mwa watu, vya chuma na plastiki, nyaya za kuusaidia moyo upige, na mwili hauvipendi. Chuma ni kigumu, moyo ni laini na hautulii, basi pale vinapogusana ndipo panapochanika. Kwa hiyo Prof na watu wake wanatengeneza vitu laini kama mwili wenyewe, vya kutetemeka kama jeli, vya kulala juu ya moyo au utumbo na kwenda nao unapokwenda. Ukasema anachokichunguza hasa si moyo wala jeli. Ni pale katikati, pale uso wa hiki unapokutana na uso wa kile.

Niliruka. Nilikuvuta mpaka kwenye kochi moja lililokuwa limeletwa likiwa limechanika, nikakuambia, "Angalia. Linapasukia wapi? Si katikati ya sponji. Ni hapa, mbao inapokutana na sponji." Macho yako yaling'aa, nami nikajiona mtu. Halafu ukasema, "Eee Papa, hata Prof anasemaka vile vile!" Hata Prof. Miaka yote niliyopiga magoti mbele ya makochi ya watu, neno langu likapata maana kwa sababu Mjerumani amelisema pia.

Hapo nilikuwa bado navumilia. Kilichonivunja ni ile video ya kole, yaani gundi. Unajua karakana hii ina sheria moja tu: kausha kwanza. Ndiyo niliyofundishwa na marehemu babu yako, na ndiyo niliyowafundisha wote waliopita hapa. Mbao ikiwa na unyevu, kole haishiki. Inakudanganya leo, kesho mtu anakaa, mkono wa kochi unambakia kiganjani. Wewe ulikuwa bado hujui kusoma na tayari unapita na kitambaa, unafuta mbao, unaiambia, "Kauka, kauka."

Sasa ukaniletea simu, ukanionyesha ini limelowa maji na damu. Sikuuliza la mnyama gani, na wewe kwa heshima hukusema. Mkono wenye glavu ukaweka juu yake kipande cha jeli kidogo kama stempu, ukabonyeza, ukasubiri kidogo, ukavuta. Ini lote likanyanyuka. Lilining'inia pale, maji yanachuruzika, na ile jeli haiachii.

"Inakunywa maji ya juu juu yenyewe," ulinieleza, "halafu inashika nyama. Haiombi kukausha, Papa."

Nilisema ni uongo. Nikasema ni michezo ya kompyuta. Ukacheka, kicheko kizuri tu kisicho na dharau, nami nikakipokea kama kofi. Sheria yangu moja, mwanangu! Mtu mwenye kumi asingehisi kitu.

Kisha likaja lile neno. Ilikuwa Idi, ndugu wamejaa sebuleni, na Mama Fina jirani yetu, yule aliyekuja kutoka Uvira na ambaye hajawahi kumeza swali, akakuuliza mbele ya watu:

"Sasa huyu muzungu ni nani kwako, mutoto? Ni patron wa kazi ao ni nini?"

"Apana, si patron," ukasema kwa furaha. "Kule kwao wanamuitaka Doktorvater. Ni kusema baba. Baba yako mu mambo ya docteur."

Mama Fina akapiga makofi. "Iii! Papa Zuhura, kumbe umepata mwenzako! Mutoto iko na mababa wawili!"

Nyumba nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti kuliko wote, kisha nikatoka nje kama mtu anayekwenda kutawadha, na wakati wa swala ulikuwa bado.

Siku iliyofuata nilikuwa navalisha makochi ya yule mfanyabiashara wa mtaa wa Asiatique, yale ya mahameli ya kijani. Unajua mahameli yana upande wake: ukiyapapasa kushuka yanalala, ukiyapapasa kupanda yanasimama, na rangi inabadilika. Hata anayejifunza anajua kwamba huwekwa yakilala kuja chini. Mimi niliyapindua. Kochi zima, pamoja na viti vyake. Nilikuwa nasema peke yangu, baba wa docteur, baba wa docteur, na mikono inakwenda. Yule bwana alipokaa na kuinuka, aliacha doa jeusi pale alipokalia, mke wake akamtazama suruali. Nilifumua yote nikaanza upya, nikawaambia kitambaa kilikuwa na kasoro. Kitambaa hakikuwa na kasoro yoyote.

Nisikudanganye kwamba wivu huu umeletwa na Mjerumani. Ninao tangu umezaliwa. Mama yako alikuwa akirudi sokoni unamkimbilia unaniachia mikononi hewa tupu, nami nikawa nakukatia mbuzi wa sponji ili ubaki kwangu. Ulikuwa na mbuzi wa sponji zizi zima. Mama yako alijua. Alikuwa akicheka, ananiambia, "Unamuhonga mutoto wako mwenyewe." Alipofariki, shangazi yako akawa anakuchukua mwisho wa juma, na mimi nilikuwa nakuja kukufuata Kinanira kabla ya wakati, mara nasema mvua inakuja, mara nasema una masomo. Siku moja nilikutoa hapo katikati ya kusukwa nywele. Ulikwenda shule nusu umesukwa na Mwamini, nusu nimekusuka mimi kwa mikono hii ya kushonea makochi, na ulivumilia kuchekwa bila kunilalamikia. Nilifurahi kwamba hukulalamika. Ndivyo nilivyokuwa kipofu.

Hayo yote unaweza kuyacheka, na ukiyacheka sitachukia. Lipo moja ambalo hujui kwamba nalijua.

Siku ya mahojiano yako na Prof, umeme ulikuwa umekatika nyumbani na hapa karakanani ulikuwepo. Uliniomba nisipige nyundo. Nikakaa nyuma ya kabati, juu ya magunia ya sponji, kimya kama mwizi. Nilitaka kusikia ukinitaja. Ni kweli, nilikaa pale nikisubiri jina langu. Prof akakuuliza kwa nini unaitaka kazi hii, nami jibu nilikuwa nalo tayari. Utasema baba yangu ni fundi makochi, nimekulia kwenye sponji na kole, mikono yangu inajua kigumu na laini. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Ukasema, "Maman."

Ukamweleza kwamba mama yako alipopasuliwa tumbo, mshono ulikataa. Nyama ilikuwa dhaifu, kila wakishona uzi unakata. Ukamweleza kwamba ulisimama mlangoni mwa wodi na ukamsikia muuguzi akisema hapashikiki tena. Mimi nilikuwepo hospitalini, Zuhura, na sikujua kwamba ulisikia. Ulikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ukasema tangu siku ile unawaza kitu cha kushika nyama bila sindano. Hapo sauti yako ilikatika, na yule mzee hakusema neno. Hakukupa pole ya haraka, hakubadilisha mazungumzo. Alikusubiri ulie mpaka ukarudi mwenyewe.

Kwangu mimi hukuwahi kumlilia mama yako tangu msiba ulipokwisha. Najua kwa nini. Ulinijia mara moja, uso umelowa, kamasi mpaka kidevuni, nami nikakuambia lile ninalomwambia kila mtu: kausha kwanza, halafu uje tuongee. Nilidhani ni hekima. Nilidhani mtu akiongea huku analia maneno hayashiki. Ukaenda ukajikausha, na hukurudi. Nikasema moyoni, mtoto huyu ana nguvu, na nikaenda kazini.

Basi nyuma ya lile kabati nilishikwa na wivu mara mbili. Nilimwonea wivu Prof kwa machozi ambayo yalikuwa yangu. Na, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu mama yako. Muda wote nilijidanganya kwamba elimu yako imeanzia magotini pangu, kwamba ile sponji uliyoilalia ndiyo iliyokufanya mhandisi. Kumbe imeanzia kwake, kwenye ule mlango wa wodi, na mimi nilikuwa mtu wa kukupeleka shule tu. Kumwonea wivu marehemu, tena mke wangu, niliyempenda mpaka leo sijaoa! Ukitaka kujua wivu unafika wapi, unafika huko.

Ndiyo maana kila Prof alipotaka kunisalimu kwenye simu nilikuwa na kazi. Mara niko chini ya kochi, mara mdomo umejaa misumari, mara nawahi msikitini. Leo mchana ulipokuja na simu ikiwa tayari inaita, nilikupokonya nikaikata. Hapo ndipo ulipochoka, na nisingekulaumu hata kama ungesema zaidi.

Sasa nikuambie nilichofanya ulipoondoka. Namba yake iko kwenye simu yangu. Uliiweka mwenyewe ukasema, kama kutakuwa shida. Nikaona shida ipo. Nikampigia.

Nilikuwa nimejipanga. Nilitaka kumwambia, kwa Kifaransa changu chote, kwamba Zuhura ana baba mmoja, yuko Bujumbura, na ni mzima. Akapokea. Uso wake ukajaa kioo chote, kumbe ana pua kubwa hivi, na nyuma yake vitabu na sweta imening'inia kwenye kiti. Nilipojitaja, akasema, "Bonjour, Papa Zuhura," na akasimama. Akasimama kabisa, simu ikabaki inanionyesha vifungo vya shati lake. Labda wewe ndiye uliyemfundisha kwamba mkubwa haamkiwi umekaa. Labda ni tabia yake tu. Nilitamani awe na kiburi, ingenirahisishia kazi.

Hotuba yangu ikaniponyoka. Nikajikuta naulizia kole. Nilimuuliza lile ambalo wewe sikuwahi kukuuliza kwa sababu nilikuwa nimenuna: sawa, imeshika kwenye nyama yenye maji, nimeona. Siku mkitaka kuitoa, mnaitoaje? Maana mimi nikitaka kubandua kole ya zamani nachukua chuma nakwangua, na mbao inabaki na kidonda.

Akakaa. Akavua miwani akaifuta kwa ile sweta. Akasema hapo ndipo wanapopata taabu. Kushika wamejua. Kuachia bila kuchana nyama, bado hawajajua vizuri. Wamejaribu hiki na kile, maabara inakubali, mwili unakataa. Akasema hiyo ndiyo kazi anayokuja kuifanya Zuhura, na kwamba wewe ndiye uliyeichagua, yeye alikupendekezea nyingine.

Nilikuwa sijui. Au uliniambia na mimi nikawa nimeziba masikio. Siku zote nilidhani unakwenda kujifunza kushikisha.

Nikamuuliza kama ana watoto. Akasema ana binti, anaishi nchi nyingine, huongea wakati wa sikukuu. Alilisema kwa sauti ya kawaida tu, na mimi nikapata furaha mbaya kidogo, nikaiona, nikaona haya. Kisha nikamwambia mambo yako. Nilimwambia kwamba maziwa hunywi. Nilimwambia kwamba ukikasirika hupigi kelele, unavaa viatu unatoka, na kwamba asikufuate papo hapo lakini asichelewe sana. Nilimwambia ukisema "si kitu" ujue ni kitu. Akaandika. Nilimwona anaandika, ananiuliza nirudie. Maneno yale nimeyakusanya tangu unatambaa, hayakuwahi kuwa ya mtu mwingine, na kuyatoa kuliniuma kama jino. Nikayatoa yote.

Kwa hiyo huko uendako, mwanangu, akikusubiri ulie, lia. Sitaki ujibane kwa ajili yangu. Ila na mimi unipigie hivyo hivyo, uso ukiwa umelowa. Sijui nitasema nini. Pengine nitasema upuuzi, pengine nitakuambia tena ujikaushe kwa sababu ulimi umezoea. Usikate simu. Nipe muda nimeze mate, nitanyamaza nikusikilize.

Na huyo bwana, mwite utakavyo mbele yake. Mbele yangu mwite Prof. Hilo la baba nimelijaribu tangu Idi, nimelisema peke yangu kwa sauti ya chini na ya juu, haliingii.

Kesho nitakuja uwanja wa ndege. Mume wa shangazi yako amepanga foleni mpaka amepata essence ya gari, nami nitakaa nyuma na masanduku. Usitegemee niwe na busara pale mlangoni. Nitakushika, na pengine askari watalazimika kusema neno, maana kushika ndiko ninakokujua. Kuachia sijui, na Prof wako pamoja na maabara yake yote hajui bado. Wewe utajua, sina shaka. Siku hiyo ikifika, hata kama yeye yuko chumba cha pili na mlango uko wazi, usimkimbilie. Nipigie mimi kwanza.

Baba yako,
yule wa Bujumbura